Neno moja la Kiingereza, funguo nyingi za Kicheki
Wiki iliyopita nilikuwa nikitafsiri mwongozo wa kinanda cha umeme kutoka Kiingereza kwenda Kicheki, na neno moja tu, “key”, likanilia nusu ya siku. Ufunguo wa mlango ni “klíč”, hapo hakuna ubishi. Lakini kitufe cha kinanda, sawa na cha kompyuta, ni “klávesa”, kwa hiyo anayemwambia Mcheki abonyeze “klíč” atamwacha akipapasa mifuko.

Mtego hasa umo kwenye muziki. Kiingereza kinapotumia neno lilelile kwa ngazi ya sauti ambamo wimbo unaimbwa, Kicheki husema “tónina”, ilhali “houslový klíč” ni ile alama iliyojipinda mwanzoni mwa mistari mitano ya noti. Mimi, kwa haraka, niliandika “klíč” katika sentensi ya kuhamisha wimbo kutoka ngazi moja ya sauti hadi nyingine, na mhariri akanirudishia ukurasa wenye alama kubwa ya kuuliza. (Spana nayo ni “klíč”, ila kwa bahati haikuhusika.) Kosa lilikuwa langu, ingawa programu ninayoitumia hukumbuka chaguo la kwanza na kulipendekeza tena kila neno hilo linapojitokeza.