Betri ya Saa

Desemba 2019 zamu ya kutunza mashine ilikuwa yangu. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya biti 32, tuliyoiweka chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule pale Mwanga, Kigoma mjini. Tuliitunza watu watatu wa kujitolea: mimi, dada mmoja muuguzi wa Ujiji, na Mwalimu wa hesabu. Kila mmoja na wiki yake, na daftari moja la kuandikia.

Kazi yake ilikuwa kupima PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Tangu 2004 mradi huo una kundi la kompyuta za wanaojitolea sehemu mbalimbali za dunia, kila moja ina jina la mnyama. Zinachukua msimbo mpya, zinaujenga, zinaupima na kutuma majibu: kijani umepita, nyekundu umekwama. Yetu ilikuwa goigoi, na niliipenda kwa hilo. Kuna hitilafu zinazotokea sehemu mbili za programu zikigombania zamu, ambazo mashine yenye kasi huzipita bila kuziona. Ya polepole huzinasa.

Mwalimu alipanda treni kwenda Tabora kumuuguza mama yake. Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Nilikuta feni inazunguka, nikaridhika, nikafunga mlango. Siku chache baadaye ikaja baruapepe: mnyama wenu hajasikika.

Nilidhani ni bando. Lilikuwepo. Nikajaribu kuchukua msimbo kwa mkono, ikakataa: cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Hilo “bado” nililisoma mara tatu. Nikaiuliza mashine tarehe. Ikanijibu 1 Januari 2002, miaka mingi kabla cheti hicho hakijatolewa.

Programu yetu ya kusawazisha saa kupitia mtandao haikusaidia, maana tofauti ikizidi sekunde 1,000 hugoma kurekebisha. Lakini umeme ulishakatika mara nyingi kabla ya siku ile. Mbona hatukuwahi kupotea? Nikampigia Mwalimu.

“Aa, saa? Naiwekaga mwenyewe umeme ukirudi. Napita hapo nikienda shule.”

“Hata kwenye wiki zetu?”

“Dakika moja tu. Sikuona cha kuandika.”

Nilikaa na simu mkononi. Miezi yote ile nilijisifu kwamba wiki zangu hazina tatizo.

Nilifungua boksi, nikachomoa betri bapa iliyo kama sarafu, CR2032, inayoendesha saa ya mashine umeme ukikatika, nikaipeleka kwa fundi saa karibu na soko.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.” Akaigusisha nyaya za kipimo chake, akatikisa kichwa. Mpya inatakiwa kufika volti 3. Hii haikufika hata 2. “Imekufa zamani hii, mwanangu.”

Nikanunua mbili. Nikaweka moja, nikasahihisha saa, nikaanzisha majaribio, nikakaa chini kusubiri. Giza lilishaingia kijani kilipotokea. Betri ya pili niliibandika kwa selotepu kwenye jalada la daftari, na kisa chote nikakiandika ndani, kurasa mbili.

Mwalimu alirudi Januari. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika tena usiku. Asubuhi nilimkuta ameshafika, begi la shule begani, ameinama mbele ya kioo. Saa ilikuwa sahihi. Akavuta daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: “Umeme umerudi. Saa nimeiangalia, haina shida.” Akatia tarehe, akaenda shule.