Chawa wamerudi, na safari hii tumeanza na kichwa changu

Jumapili, usiku

Leo ni siku ya 13. Watoto wamelala, foronya zinakauka, na mikono yangu bado inanukia kondishena. Naandika usiku huu huu kwa sababu mara mbili zilizopita nilijisahau mapema, nikadhani yamekwisha.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa kitinda mimba. Alikuwa anafanya hesabu mezani, kalamu mkono mmoja, mkono mwingine unakuna ukosini bila yeye mwenyewe kujua. Nikamfunua nywele nyuma ya sikio nikaona vijidoa vyeupe. Nilijua ni mba. Lakini mba ukiupuliza unapeperuka, na hivi havikusogea. Ilinibidi nibane unywele mmoja kwa kucha mbili, nivute taratibu kutoka kwenye shina hadi nchani, ndipo kidoa kimoja kikatoka. Lilikuwa yai la chawa, limegandishwa kwenye unywele kama kwa gundi. Nikiwa bado naliangalia, mama yake akapita: mdogo kama punje ya ufuta, wa kahawia, anakimbilia kwenye kivuli cha nywele.

Nikanunua dawa ya permethrini, nikampaka, nikamwosha, nikamshukuru Mungu. Maelekezo yalisema nirudie baada ya siku 9. Sikurudia. Mtoto hajikuni tena, kwa nini nimpake dawa kali mara ya pili? Leo naelewa vizuri kwa nini. Dawa ile humuua chawa anayetembea, lakini yai ambalo halijaanguliwa linaweza kupona. Huanguliwa siku ya 7 hadi ya 9 hivi, na kichawa kilichotoka humo kinahitaji siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa na kuanza kutaga. Muda wote ule niliokuwa nashukuru, mayai yalikuwa yanahesabu siku zake pale pale kichwani.

Mara ya pili ilikuwa kwa wa kati, halafu kifungua mimba. Hapo nikaivamia nyumba. Nilifua mapazia, nilikung'uta mazulia, nikafunga midoli kwenye mifuko. Siku tatu za kufua, na kuchana vichwa dakika chache tu usiku nikiwa nimechoka. Ningepaswa kufanya kinyume chake kabisa. Chawa wa kichwani hana mabawa wala miguu ya kuruka. Anatambaa kutoka unywele hadi unywele pale vichwa vinapogusana, na akidondoka akakosa damu, siku mbili tu hamalizi. Foronya, kofia, taulo na vitana vilivyotumika siku hizo mbili vikipata maji ya moto vinatosha. Mapazia niliyaonea bure.

Katika zile siku za kufua kulitokea jambo ambalo bado linaniuma. Kitinda mimba ana mazoea ya kuja kunilalia begani kabla ya kulala, kichwa chake chini ya kidevu changu. Jioni ile alipokuja nilimzuia kwa kiganja, nikamsogeza pembeni. Sikusema kitu. Akasimama pale, akaniangalia, akauliza, "Mama, mimi ni mchafu?"

Nilikosa la kumjibu kwa haraka, kwa sababu nilijua alikolitoa. Asubuhi yake nilikuwa nimemwambia, "Usimwambie mtu yeyote shuleni." Mtoto wa miaka sita akiambiwa afiche kitu, anaelewa kwamba kitu hicho ni kosa lake. Na siku hizi hata neno lenyewe limekuwa tusi, mtu anayejipendekeza kwa wakubwa anaitwa chawa. Nikamkalisha nikamweleza yale ambayo ningemweleza tangu mwanzo: chawa wa kichwani anatafuta damu na joto, hachagui nywele safi wala chafu, na hakuna ugonjwa anaotuletea zaidi ya mwasho na vidonda vya kujikuna. Akaniuliza kama chawa wana mama. Nikamwambia wanaye, na anataga mayai kadhaa kwa siku, ndiyo maana tunahangaika hivi.

Usiku huo nilimpigia mdogo wangu simu. Wanawe na wangu ni kama watoto wa tumbo moja, wanalala pamoja kila wanapopata likizo, wanainamia simu moja vichwa vikigongana. Nilizunguka zunguka, nikauliza habari za kazi, mwisho nikasema. Kukawa kimya. Kisha akasema, "Dada, hata wangu wanajikuna wiki ya tatu sasa. Niliona haya kukuambia."

Kwa hiyo tulikuwa tunapokezana. Nikisafisha kwangu, wanatoka kwake. Akisafisha kwake, wanatoka kwangu. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi methali hiyo nimeiandikia insha shuleni bila kumfikiria chawa mwenyewe hata mara moja. Tukakubaliana tuanze siku moja, nyumba zote mbili. Kesho yake nikawaambia na akina mama wawili ambao watoto wao hucheza na wangu. Mmoja alikasirika. Wa pili alinishukuru, akaenda kukagua, akakuta.

Mume wangu alipendekeza tuwanyoe wote. Kwa wavulana ingewezekana, lakini kifungua mimba ana miaka kumi na mmoja na nywele zake anazipenda. Aliposikia alijifungia chumbani akalia. Sikutaka aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Jirani naye akanishauri mafuta ya taa. Hapo naomba kila mzazi anisikilize: usithubutu. Yanaunguza ngozi, mvuke wake unadhuru mapafu, na kichwa kilicholoa mafuta ya taa kinaweza kushika moto.

Tulichochagua ni kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, pamoja na subira. Nywele zinaloweshwa, zinapakwa kondishena tele ili kitana kipite na chawa apunguze mbio, zinagawanywa mafungu madogo, kisha unachana kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Kila ukivuta unafuta kitana kwenye karatasi nyeupe na kuangalia. Kwa kifungua mimba tunatumia karibu saa nzima. Siku ya 1, ya 5, ya 9, ya 13, na siku ya 17 ni ya kuhakikisha. Siku hizo hazikupangwa ovyo: kila kichawa kinachoanguliwa kinanaswa kabla hakijafikia umri wa kutaga.

Siku ile ya kwanza mume wangu aliniambia, "Kaa hapa, na wewe nikuangalie." Nilikataa, siwashwi hata kidogo. Akasisitiza. Kwenye karatasi wakatoka watatu, wazima, wanatembea. Mwasho unatokana na mwili kuyakataa mate ya chawa, na kwa mtu anayewapata mara ya kwanza unaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Miezi yote hiyo nachana watoto, huenda mimi ndiye niliyekuwa nawarudishia, kila usiku, wakinilalia begani. Niliwaza hivyo nikanyamaza muda mrefu.

Siku ya 5 tulitoa wadogo sita kwa vichwa vyote. Siku ya 9, mmoja, kwa wa kati. Leo hakuna, ila maganda meupe yaliyo mbali na ngozi, ambayo yamebaki matupu na yanasogea nje kadiri nywele zinavyokua. Mdogo wangu ametuma ujumbe: kwake pia hakuna.

Mwisho imekuwa zamu yangu. Kifungua mimba ameomba anichane yeye. Nimekaa chini, yeye kwenye kiti nyuma yangu, taa ya simu imeshikwa na mdogo wake aliyeniegemea ubavuni, kichwa kikiwa pale pale chini ya kidevu. Kifungua mimba anavuta, anafuta, anaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hakuna," anasema. Halafu, "Ngoja, nirudie hapa nyuma ya sikio."