Nilivyosafirisha waridi Ulaya katika miezi ya ushuru ya 2014

Mwaka 2014 nilikuwa nikisimamia hati za usafirishaji katika shamba moja la maua Naivasha. Waridi letu lilikuwa likiingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, mradi lisindikizwe na cheti cha EUR.1, hati ya kuthibitisha kwamba zao limetoka Kenya. Tarehe 1 Oktoba nafuu hiyo iliondolewa, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya zilikuwa hazijakamilisha Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwani zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bure kwa utaratibu mwingine. Mzigo ukaiangukia Kenya peke yake.

Niliketi nikasoma kanuni zenyewe, nikaona kwamba tumehamishiwa katika mfumo wa jumla wa upendeleo, ambao Ulaya huutumia kuzipunguzia ushuru nchi zinazoendelea, na ambamo waridi lilitozwa asilimia 8.5 mwezi Oktoba na asilimia 5 kuanzia Novemba, badala ya 12 na 8.5 za kawaida. Lakini mnunuzi hapati punguzo hilo pasipo Fomu A, yaani cheti cha asili ya zao chini ya mfumo huo, yenye muhuri wa forodha. Basi kabla maboksi hayajatolewa chumba cha baridi, nilijaza fomu ya kila shehena, nikihakikisha kwamba kisanduku cha 8 kina herufi P, yaani zao lililopatikana lote nchini Kenya, na kwamba uzito unalingana na ule wa hati ya ndege. Wakala wetu alipokwisha kuipeleka kugongwa muhuri, nilimtumia mnunuzi nakala mapema ili mzigo usimfikie kabla ya karatasi.

Kuhusu ushuru uliobaki, nilimshauri mkurugenzi tugawane nusu kwa nusu na wanunuzi wa mkataba, nao wakaridhia. Kwa maua ya mnadani hapakuwa na wa kugawana naye, tukalipa wenyewe. Mazungumzo ya mkataba yalikamilika Oktoba hiyohiyo, ila nafuu ilirejea tarehe 25 Desemba, nasi tukawahi msimu wa Siku ya Wapendanao tukiwa na EUR.1 mkononi.

Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba huo. Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake, na Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliipinga hati hiyo waziwazi. Hofu hiyo naiheshimu, maana mkataba ulitaka soko letu lifunguliwe taratibu kwa asilimia 82.6 ya bidhaa za Ulaya. Hata hivyo, naona haikuwa haki kwa Kenya, iliyokuwa na mengi ya kupoteza kuliko wenzake wote, kufungwa na sharti la kusubiri saini ya kila mmoja. Wakuu wa nchi walilegeza sharti hilo mwaka 2021, Kenya ikasaini mkataba wake na Umoja wa Ulaya Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Julai 2024 waridi la Naivasha linaingia Ulaya bila ushuru kwa mkataba wa Kenya yenyewe, ambao wanajumuiya wengine wameachiwa nafasi ya kujiunga nao.