Mvuje wa Bibi

Jumapili usiku, Kibokoni.

Mikono yangu bado inanuka mvuje, ingawa nimeiosha kwa ndimu mara tatu. Leo ilikuwa zamu yangu ya kuwakaribisha wenzangu. Kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu baada ya Alasiri, na kila mtu huja na kiungo kimoja cha Asia akipendacho, akatueleza anakipikia nini. Wifi yangu alileta mchuzi wa soya, ambao huwapaka samaki aina ya changu pamoja na tangawizi na kitunguu thomu kabla ya kuwachoma makaani. Nilionja, nikakubali, lakini kwa samaki mimi bado ni mtu wa ukwaju. Ukwaju wenyewe ulizua ubishi, kwa kuwa Waarabu huuita tamr hindi, yaani tende ya India, ilhali asili ya mkwaju ni huku kwetu Afrika, na kwa sharti letu haukustahili kuhesabiwa.

Kisha jirani yetu Mgujarati akafungua kikopo chake kidogo. Harufu ilipotanda, sote tuliolelewa Mji wa Kale tulitazamana, na shangazi akajivuta nyuma mkekani.

"Astaghfirullah, mwanangu! Hiyo dawa ya mashetani mnaila?"

Kwetu mvuje haukuwa chakula hata siku moja. Bibi yangu alikuwa akifunga kipande chake katika kitambaa cheusi na kukivisha mkononi mwa mtoto mchanga ili asipatwe na kijicho, na harufu ile ndiyo iliyotujulisha, tangu mlangoni, kwamba nyumba ina mzazi. Jirani hakukasirika. Alieleza kwamba kwao huitwa hing, kwamba ni utomvu wa mizizi ya mmea unaoota Iran na Afghanistan, na kwamba ule wa kikopo huchanganywa na unga na gundi ili ukali wake upungue. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya huko India, ambao wengi wao hawali vitunguu wala thomu, huutegemea mno, kwa sababu ukiangukia samli ya moto ule uvundo hugeuka ukanukia kama hivyo hivyo wasivyovila.

Akaingia jikoni kwangu kutuonyesha. Alichemsha samli, akatia bizari nzima hadi ikaanza kuruka, kisha pilipili kavu mbili na mvuje usiozidi ncha ya kijiko, na kabla ya samli kuungua akaimimina yote juu ya sufuria ya dengu, ikalia kwa kishindo. Shangazi alikula sahani mbili, na wakati wa kuaga nilimsikia akimuuliza jirani kwa sauti ya chini kikopo kile kinauzwa duka gani.

Watu hupenda kusema kwamba ladha za Kihindi zilikuja na reli, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Lakini majahazi ya kaskazi yalikuwa yakishusha bidhaa za India na Uajemi katika pwani hii karne nyingi kabla ya hapo, na nadhani mvuje ulitufikia kwa njia hiyo. Tulipokea iliki, mdalasini na bizari, tukavifanya vyetu kiasi kwamba hakuna anayeviita vya kigeni akipika pilau, ila mvuje tuliupokea dawa yake tukayaacha mapishi yake. Kwa nini huu tu? Labda aliyetuuzia hakupata kutupikia.

Wageni walipoondoka nilifungua kasha la bibi, nikakitoa kipande alichoniachia, nikakikwaruza ndani ya samli kwa ajili ya mbaazi za nazi za kesho. Nilisahau kwamba hicho hakikuchanganywa na unga. Mume wangu aliporudi kutoka msikitini baada ya Isha alisimama mlangoni, viatu mkononi, akauliza kwa upole:

"Mama, leo tumelaza mtoto wa nani?"

Nimeongeza tui zito, nikaongeza na mbaazi zilizokuwa zimebaki, na sasa sufuria inatosha kuwalisha watu kumi. Mahamri nitayakaanga alfajiri. Kipande cha bibi nimekirudisha katika kitambaa chake, na ukikitazama huwezi kujua kwamba kimekwaruzwa.