Riwaya ya mganga wa Chang'an: rasimu ya pili, sura ya 1 hadi 14

Sura 14 kati ya 22 zimekamilika. Tatu zimeandikwa upya kwa kosa moja tu: karatasi.

Hadithi iko Chang'an, mji mkuu wa China, mwaka 91 KK, enzi ya Han, mfalme Wu akiwa mzee mgonjwa anayeona ulozi katika kila homa. Rasimu ya kwanza ilimpa Lanying, binti wa miaka 17, hirizi za karatasi ya manjano. Zinapendeza, ila Cai Lun, ofisa wa kasri la Han, alimwonyesha mfalme wake karatasi mwaka 105 BK, karibu miaka 200 baadaye. Sasa mazindiko yote ni ya mti wa mpichi, uliosadikiwa kufukuza mapepo, na maneno ya uganga yameandikwa kwenye mianzi.

Mianzi imeiokoa riwaya. Kibanzi kimoja kina urefu wa chi 1, kama sentimita 23, na hubeba safu ya herufi kutoka juu kwenda chini. Hukaushwa kwanza motoni, la sivyo wadudu hukila. Herufi iliyokosewa hukwanguliwa kwa kisu, na pale palipokwanguliwa pakabaki pembamba kuliko kwingine. Vibanzi hufungwa kwa kamba. Kamba ikioza, mpangilio umekwenda. Ndiyo sura ya 11 nzima: Lanying ana vibanzi 24 vilivyomwagika sakafuni, anavipanga kwa kuvipapasa ukingoni, na kidole kinakwama kwenye bonde dogo. Mtu amekwangua "ponya" akaandika neno jingine. Awali aligundua hilo kwa njozi. Kidole kina nguvu zaidi.

Neno la Kichina "wu", linaloweza kumaanisha mganga au mchawi, lilisumbua. Kuliandika "mchawi" kunamhukumu Lanying kabla ya kesi, na kesi yenyewe ndiyo hiyo: nani mganga, nani mchawi. Msimulizi anasema "mganga"; "mchawi" linatoka tu vinywani mwa watu wa Jiang Chong, yule ofisa wa mfalme aliyechimbua sanamu za mbao, kama ushahidi wa ulozi, kwenye kasri la mrithi Liu Ju. Kanuni hiyo imebadilisha mistari mingi kuliko marekebisho mengine yote.

Vidogo vilivyoondolewa: viti (watu wanaketi mikekani), vikuku vya kupandia farasi, na pilipili kali, ambayo asili yake ni Amerika.

Sura ya 15 bado ina tatizo la njia. Baada ya siku 5 za mapigano kati ya watu wake na jeshi la mfalme, mrithi anatorokea lango la Fu'ang, upande wa kusini. Lanying yuko masokoni, kaskazini-magharibi, na ukuta wa mji una mzunguko wa kama kilomita 25. Rasimu inamfikisha langoni ndani ya aya moja, kwa miguu, usiku, mitaa ikiwa imefungwa. Ama aanze safari mchana, ama alale kusini tangu sura ya 13. La pili ni rahisi, ila linaua mazungumzo yake na muuza mpunga, kwa hiyo ataondoka mchana.