Pini ya Nne

Juzi jioni, tukiwa barazani hapa Chumbageni tukingoja adhana ya magharibi, mjukuu wangu, aliyetoka Mwanza kwa ndege hadi Dar es Salaam kabla ya kupanda basi la Tanga, alinionyesha kwa mikono jinsi watu walivyochorwa kwenye kadi ya maelekezo wakiteleza juu ya boya kutoka mlangoni. Kisha akaniuliza, "Babu, na lile boya likigoma kujaa?" Nilimwambia akatawadhe, swala imekaribia. Usiku ule sikupata usingizi.

Nilikuwa fundi wa ndege, bado mgeni kazini, nilipokabidhiwa milango minne ya ndege iliyolala karakanani Dar es Salaam na iliyotakiwa kuruka alfajiri. Kabla ya kuigusa slaidi ya dharura, yaani lile boya la kutelezea, fundi huchomeka pini ya usalama kwenye vali ya mtungi wa gesi ili slaidi isimfumukie, akimaliza, huichomoa. Nilizikagua slaidi zote, nikachungulia geji moja baada ya nyingine, na kila mshale ulikuwa kwenye kijani. Nikatia saini.

Mkaguzi wetu, mzee wa Pangani asiyepaza sauti, alifungua kisanduku cha pini. Ndani mlikuwa na sponji iliyochongwa matundu manne kwa umbo la pini zenyewe, na tundu moja lilikuwa tupu. Hakusema neno. Alichukua tochi, tukapanda ngazi hadi mlango wa nyuma wa kulia, nikafungua kifuniko kwa vidole visivyotulia. Chini ya mkunjo wa kitambaa, palipokuwa bado na vumbi jeupe la poda, utepe mwekundu wa pini ulikuwa umelala ubavu, ncha yake ikionekana kwa upana wa ukucha. Aliishika tochi pale pale mpaka nikaichomoa.

"Mwanangu," alisema, "geji imekwambia gesi imo. Haikukwambia kwamba itatoka."

Slaidi ya mlangoni hutakiwa kusimama tayari kwa takriban sekunde 6, gesi ya mtungi ikivuta na hewa ya nje kuijaza. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuingia kazini mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango. Hesabu hiyo imekwisha kuitoa nusu nyingine. Haikuacha nafasi ya mlango wangu.

Aliniachia mwenyewe niamue la kuandika. Niliandika mstari mmoja, kwamba pini zote nne zimeondolewa, jambo lililokuwa kweli, lakini sikueleza ni nani aliyekumbuka ya nne. Ndege iliondoka kwa wakati wake.

Jana asubuhi, tukinywa chai, nilimjibu mjukuu wangu kwamba kila fundi akimaliza kazi huja mtu wa pili kuhesabu pini. Alitafuna mahamri yake akiwaza, kisha akaniuliza, "Na wewe, Babu, ulikuwa wa kwanza au wa pili?"