Brasi, lehemu na hewa ya Mtwara

Msimu wa mvua hapa Mtwara, bamba la brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) likiachwa wazi mezani linafifia upesi. Lehemu, metali laini inayoyeyushwa ili kuunga vipande, haishiki brasi iliyofifia. Ndiyo maana, katika kuunda behewa dogo la reli ya mfano, naona nusu ya kazi ni kusafisha: sugua kwa msasa laini mpaka metali ing'ae, osha kwa sabuni, kausha, kisha usiiguse kwa vidole vyenye mafuta.

Bamba lenyewe huja na vipande vya behewa vilivyochongwa kwa asidi, na unene wake ni kati ya robo na nusu milimita. Vipande vimeshikiliwa na vishikizo vyembamba. Vikate kwa kisu kizito juu ya kigae cha sakafuni, kwa sababu kwenye ubao laini kipande kinabonyea. Asidi hula kutoka pande zote mbili, hivyo kila ukingo hubaki na kijino katikati ya unene wake. Usipokiondoa kwa tupa, pembe za boksi la behewa hazikutani vizuri.

Ribiti, yaani vijinundu vinavyoiga vichwa vya misumari ya behewa, huja kabla ya mikunjo. Nyuma ya bamba kuna vishimo. Bonyeza kila kimoja kwa sindano butu, bamba likiwa limelala juu ya kadibodi ngumu. Ukishakunja, sindano haifiki tena. Mstari wa kukunjia umeliwa nusu ya unene, na kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa kona. Kunja mara moja tu. Anayekunja, akanyoosha, akakunja tena, anabaki na vipande viwili. Kisha pitisha lehemu ndani ya mfereji wa mkunjo, maana metali iliyobaki pale ni nyembamba mno.

Lehemu ya mafundi redio, inayoyeyuka karibu nyuzi 188, inafaa kwa boksi, lakini flaksi yake ya utomvu (dawa inayosafisha metali ili lehemu ishike) haitoshi peke yake; flaksi ya asidi ya fosforiki iliyozimuliwa ndiyo inayofanya lehemu ikimbie kwenye kiungo. Vipande vya nyongeza vifungwe kwa lehemu ya nyuzi 145, ili vya kwanza visifumuke. Shika kona kwa vibanio vya nguo vya mbao, maana mbao hazinyonyi joto. Gusa nukta moja kila kona, pima kwa skwea, weka boksi juu ya kioo, na ndipo ujaze kiungo. Boksi lililopinda halinyooki baada ya kujazwa. Umeme ukishuka, kama unavyofanya jioni, chuma cha kulehemia kinapoa na lehemu inakaa juu kama tone: ngoja, usiongeze lehemu.

Magurudumu manne lazima yote yaguse reli. Ekseli moja ikae imara, ya pili iachwe icheze kwenye waya uliopita katikati ya sakafu ya behewa. Zikikazwa zote mbili, behewa linaruka kwenye kila kiungo cha njia.

Bafa (vipokea mgongano kwenye ncha za behewa) na masanduku ya grisi ya kwenye ncha za ekseli mara nyingi ni ya metali nyeupe, inayoyeyuka kirahisi. Hapo tumia lehemu ya nyuzi 70, ila haishiki brasi moja kwa moja. Paka brasi lehemu ya 145 kwanza. Baadhi ya lehemu hizo zina kadimi, kwa hiyo fungua dirisha na nawa mikono kabla ya kula.

Seti nyingi za vipande vya aina hii hutoka Uingereza, kwa kipimo cha 1:76, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 76. Anayetaka reli yetu ya kusini, ile ya mpango wa kikoloni wa kulima karanga, iliyofika Nachingwea na kung'olewa miaka ya 1960, ajue upana wa njia yake ulikuwa mita moja. Kwa 1:76 hiyo ni karibu milimita 13, upana usiouzwa madukani; kwa 1:87 ni 11.5, na njia ya milimita 12 inapatikana. Mimi ningechagua 1:87, ingawa mabehewa utalazimika kuyachora mwenyewe.

Kila jioni osha asidi yote ya flaksi kwa maji ya vuguvugu na mswaki. Ikibaki kwenye kiungo, kwa unyevu wa pwani kutu ya kijani hutokea na kuinua rangi. Praima ya metali, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ipigwe saa za mchana kavu, kwa tabaka jembamba; ikipigwa mvua inapokaribia, rangi hufanya ukungu mweupe, na dawa yake ni kuifuta yote na kuanza upya.